Nusu Inchi na Maji ya Karela

Mtaani fundi huyu wa nguo aliitwa Nusu Inchi, na jina alijitafutia mwenyewe. Mteja akirudi na suruali inayombana mpaka pumzi, fundi atamzungusha, atamtazama mbele na nyuma, kisha atasema, "Nusu inchi tu hiyo, nakulegezea." Gauni likiburuza chini, nusu inchi. Kwa miaka thelathini alikanyaga cherehani kwa mguu wa kulia, tena peku, maana alishikilia kwamba kiatu kinamzuia fundi kuusikia mwendo wa mashine. Na sakafu ya kibanda chake haikukosa pini.

Alipoambiwa ana kisukari hakushtuka sana. Kilichomkera ni vidonge, kwa kuwa vilimvuruga tumbo, naye kazi yake ni kukaa kwenye stuli tangu asubuhi. Karela aliileta mkewe. Alisikia redioni kwamba wataalamu wanalichunguza tunda lile chungu, kwamba huenda lina vitu vya kushusha sukari kwenye damu, akapanda mche kando ya ukuta. Kila asubuhi alisaga, akachuja, akammiminia bilauri moja ya kijani.

"Kunywa, baba watoto. Usinikunjie uso."

"Hivi mama, hii ni dawa au adhabu?"

"Vyote viwili. Meza."

Wakacheka. Siku hizo walikuwa bado wanacheka.

Fundi alimuuliza daktari wa kliniki, binti wa umri wa mwanawe, naye hakumbeza. "Karela siikatai, mzee. Ina vitu vinavyoweza kusaidia kidogo, bado vinachunguzwa. Ila vidonge usiviache hata siku moja, na uje tukupime mara kwa mara." Fundi aliitikia kwa kichwa. Katika maneno yote hayo alitoka na "vinavyoweza kusaidia", mengine akayaacha pale pale mezani.

Hapo ndipo ufundi wake ulipomponza. Mtu mwingine angeacha vidonge vyote kwa mkupuo, akaumwa, akaogopa, akavirudia. Yeye alivipunguza kama anavyopunguza kiuno cha suruali, wiki hii nusu, wiki ijayo nusu nyingine, na vilivyobaki akavitia kwenye kopo la vifungo kibandani. Siku ya kliniki ilipokaribia, hakutia kitu tumboni tangu jana yake asubuhi, asije akaumbuka mbele ya sista. Namba ya sukari ikatoka nzuri. Sista akampongeza, na mkewe akapanda mche wa pili. Kibaya zaidi, mzee mzima aliiamini namba aliyoishona kwa mikono yake mwenyewe.

Mwaka haukuisha. Adhuhuri moja mkewe alimletea chakula, akatupa macho chini, akapiga yowe. Chini ya pedali palikuwa na damu na usaha. Pini ilikuwa imezama kwenye wayo mpaka kichwani, nyama imevimba na inanuka. Haikuwa pini ya leo wala ya jana. Fundi alikuwa anashona huku anaimba. Mguu ule ulishakufa ganzi zamani, naye hakuwa na habari.

Hospitali walianza kwa kumkata kidole gumba. Wiki mbili baadaye daktari wa upasuaji alichora mstari kwa kalamu chini ya goti. Fundi alikuwa amechora mistari ya namna hiyo kwa chaki maisha yake yote, na alijua kinachofuata ni mkasi.

"Daktari, huwezi kunilegezea? Hata nusu inchi."

Daktari hakucheka. "Mzee, niambie ukweli. Vidonge ulikuwa unameza?"

Mkewe, aliyeketi ukingoni mwa kitanda, akamwahi. "Anameza kila siku, daktari. Na karela namtengenezea mwenyewe. Au nilikuwa naichuja sana? Labda ile nguvu nilikuwa naimwaga mimi."

Daktari alimtazama fundi, akasubiri. Fundi aliona aibu.

"Nilikuwa nameza," alisema.

Mguu ukakatwa. Siku ya tano mkewe alikuja na chupa ya chai iliyojaa maji ya karela, safari hii hayakuchujwa, mazito, na machicha yake. Alisema kosa lilikuwa lake na hatalirudia. Fundi alikunywa bila kukunja uso mpaka chupa ikaisha, na kila funda lilimchoma roho kuliko kisu cha daktari.

"Mwenye kibanda anakitaka," mkewe alisema, akimpangusa midomo. "Kesho asubuhi nakwenda kuhamisha vitu. Mkasi, pasi, lile kopo lako la vifungo."

"Kopo liache."

"Niliache vipi, baba watoto, na vifungo vyote vile? Nitakaa nivichague kimoja kimoja, nipate cha kufanya."

Fundi alijiinua kwa viwiko, akataka kushuka kitandani awahi kibandani kabla yake, ndipo akakumbuka kwamba hana mguu wa kukanyagia.