Kilomita Nilizomdanganya Mzee

Uongo wenyewe niliusema asubuhi, nikiwa nimevaa barakoa, glavu na aproni ya plastiki, nimepiga magoti nikimvalisha soksi mzee wa miaka themanini na tisa.

Ulikuwa mwaka wa kwanza wa korona. Nilikuwa nafanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee, magharibi mwa Sydney, mwendo mfupi wa basi kutoka Quakers Hill nilikokuwa naishi na binti yangu. Wageni walikuwa wamepigwa marufuku. Watoto wa wale wazee walikuja wakasimama bustanini, wakapunga mikono dirishani, na wazee nao wakapunga, kisha wakageuka wakaomba chai.

Mzee huyu alikuwa mwalimu wa michezo enzi zake. Siku hiyo aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia Kenya. Macho yalimtoka.

"Basi unakimbia," akasema. Halikuwa swali.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Nimekulia Majengo, ambako mtu mzima akionekana anakimbia, watu huuliza ni nyumba ya nani inaungua. Shuleni nilikuwa na barua za kuniombea ruhusa nisishiriki michezo, na nyingine niliziandika mwenyewe kwa mwandiko wa mama. Lakini mzee alikuwa hajamgusa mtoto wake kwa wiki saba, na uso wake ulikuwa umechangamka kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Kidogo," nikasema.

"Asubuhi hii umekimbia?"

"Nane tu."

Ile "tu" ndiyo iliyoniponza. Kesho yake nilimkuta ameketi kitandani na daftari la shule na penseli. Akataka kujua nimekimbia kilomita ngapi, njia gani, na kama kulikuwa na upepo. Nikampa tisa. Kesho kutwa yake nikampa kumi, na mbwa aliyenifukuza hadi kituo cha mafuta. Siku ambazo sikuwa na hadithi nilisema misuli ya mguu imenikaza, naye akaniagiza niiweke kwenye maji baridi, na asubuhi iliyofuata akaniuliza kama niliiweka.

Nakiri kwamba niliupenda uongo ule. Nikiwa kwenye basi nilikuwa nautunga polepole: leo mlima, leo mvua, leo nimempita kijana mwenye viatu vya bei. Kufikia mwisho wa mwaka mzee alijumlisha kilomita zangu, akazipima kwenye ramani, akakitangazia chumba kizima cha kulia kwamba nimeshafika Melbourne kwa miguu na niko njiani kurudi. Wazee wakanipigia makofi. Mmoja aliniuliza huko Melbourne nililala wapi.

Mwaka uliofuata wageni waliporuhusiwa, binti yake alikuja na bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi ya kunithibitisha kuwa mshiriki wa mbio za marathoni za milimani, magharibi ya mji, kuanzia juu kabisa hadi bondeni. Kilomita arobaini na mbili. Alikuwa ameshanisajili.

"Baba amesisitiza," akasema.

Mzee alikuwa amekunja mikono kifuani kama padri. "Ni mteremko mtupu," akaniambia. "Kwako wewe itakuwa kama kulala."

Jioni hiyo nilimpelekea habari jirani yangu, mama Mkongomani wa Uvira aliyekuwa akifanya kazi kwenye ghala la mizigo karibu na Port Botany na kuimba kwaya kanisani Blacktown. Alicheka mpaka akakaa sakafuni.

"Dada, uwaambie uko mugonjwa."

"Nimeshasema mgonjwa mara nane. Yote yako kwenye daftari."

Akajifuta machozi. "Basi utakimbia. Minakufundisha miye."

"Wewe umewahi kukimbia?"

"Hapana. Lakini minajua kupiga kelele."

Tulikuwa na wiki tisa. Alichukua baiskeli ya mwanawe, iliyokuwa ndogo kwake hata magoti yakawa yanagonga mpini, akaning'iniza filimbi shingoni na kunifuata mitaani. Siku ya kwanza nilifika kwenye sanduku la posta la pembeni, nikalikumbatia. Binti yangu, aliyekuwa na miaka kumi na moja, alinijibu kwa Kiingereza, kama alivyozoea, nilipomuuliza kama nilikuwa nakimbia vizuri. Alisema alidhani nilikuwa natembea.

Wiki ya tano nilifikisha kilomita kumi na mbili. Wiki ya nane ishirini na nne, sita za mwisho nikilia. Na kazini nikaendelea kumwambia mzee kwamba mazoezi yanakwenda salama, nimepunguza kidogo ili nisichoke kabla ya siku yenyewe. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaandika.

Siku ya mbio ilikuwa Jumamosi. Tuliondoka na gari la jirani alfajiri. Vuli ya huku si kama ile ya kwetu. Haina mvua, inakuja kavu na baridi inayopenya hadi kwenye meno. Ule mji mdogo wa juu ulikuwa umefunikwa na ukungu, na miti iliyoletwa na wazungu kutoka kwao ilikuwa imegeuka rangi, mwekundu huu, mwingine manjano kama ganda la ndizi. Mikalitusi yenyewe ilibaki kijani, haina habari na majira ya mtu, ikijimenya magome tu. Langoni tulipiga picha kwa simu ile alama ya mraba ya kujiandikisha, tukaulizwa kama tunakohoa, tukaambiwa kila mmoja anywe kwa kikombe chake mwenyewe. Nilifunga changu kiunoni kwa kamba. Kilikuwa kikombe cha bati, na kila nilipotikisika kililia.

Ili watu wasibanane, tuliachiliwa kwa makundi. Mimi nilikuwa nimejificha kwenye kundi la mwisho, kati ya mabibi wawili wenye fimbo za kutembelea. Ndipo mtangazaji akaanza kusoma orodha yake.

"Na leo tuna dada yetu kutoka Kenya!"

Makofi. Watu wakageuka kutafuta, na mahali pale hapakuwa na mtu mwingine wa kudhaniwa. Njia ikafunguka mbele yangu. Nilisema hapana, asanteni, hapa panatosha, lakini mikono ilinielekeza kwa heshima kubwa mpaka nikajikuta mstari wa kwanza, kati ya watu waliokonda kama vijiti vya kuchokonolea meno. Mmoja wao akaniinamia.

"Unalenga muda gani leo?"

"Kabla ya giza," nikasema.

Alicheka, akanigusa kiwiko. Alifikiri ni unyenyekevu.

Tukaachiliwa. Sitasahau kilomita ile ya kwanza. Barabara ilishuka, na mwili ukashuka nao bila kuniomba ruhusa. Upepo masikioni, kikombe kikilia, miguu ikifanya mambo ambayo sikuyajua. Kwa kona mbili nzima nilikuwa na wale waliokonda, na nikajiambia, kumbe! Kumbe imo, ilikuwa imelala tu!

Kona ya tatu wakaniacha. Kisha kundi la pili likanipita, na la tatu. Alinipita mwanamume anayesukuma kigari cha mapacha waliolala. Mmoja wa wale watoto alifungua macho, akanitazama, akayafumba tena. Mwisho wakanipita mabibi wenye fimbo, wakanitakia kila la heri.

Nilipobaki peke yangu ndipo nilipoona nilipo. Ukungu ulikuwa umepanda, na upande wa kushoto ardhi ilikwisha ghafla. Chini kabisa palikuwa na bonde lililojaa miti hadi upeo wa macho, na juu yake hewa ya buluu iliyosimama, kama moshi wa jiko la mtu asiye na haraka. Majabali ya ukingoni yalikuwa yameshika jua, rangi ya chai ya maziwa. Kasuku weupe wenye vishungi vya manjano walipita wakipiga makelele mabaya. Nilitembea kidogo nikitazama. Tangu tufungiwe majumbani sikuwa nimeona kitu kilicho mbali kuliko mwisho wa mtaa wetu. Sikuharakisha.

Halafu mapaja yakaanza. Hakuna aliyeniambia kwamba kuteremka ni kufunga breki mara elfu arobaini na mbili. Kilomita ya ishirini magoti yalikuwa yanatetemeka hata nikisimama. Kilomita ya thelathini nilimkuta jirani kando ya barabara, gari limeegeshwa, mlango wa nyuma wazi, chupa ya uji mkononi.

"Ingia," akasema.

"Niingie wapi?"

"Mu gari! Minakuangusha kilomita mbili mbele ya mwisho. Nimeangalia ramani, kuko pori muzuri sana." Alikuwa ameleta hata chupa ya kunyunyizia maji usoni, nionekane nimetoka jasho.

Niliingia. Sitajifanya kwamba nilisita. Ndani kulikuwa na joto, kwaya ilikuwa inaimba redioni, na nilipovua kiatu niliona ukucha wa kidole gumba umegeuka zambarau. Nilikunywa uji. Jirani akawasha injini.

Ndipo kioo kikagongwa. Alikuwa mzee wa Kizungu mwenye kizibao cha rangi ya chungwa, juu ya baiskeli, mmoja wa wale wanaojitolea kufuata watu wa mwisho.

"Mko salama? Amejitoa?"

Jirani akazima injini, akamtazama yule mzee bila kupepesa, akasema kwa Kiingereza chake safi cha ghalani: "Tunasali."

Mzee akashtuka. "Samahani sana," akasema. Akavua kofia yake ya baiskeli, akasimama pale mlangoni, ameinamisha kichwa, akisubiri tumalize.

Basi ilibidi tusali. Jirani alisali sala ya kweli, ndefu, akaombea miguu yangu, mabonde, serikali, chanjo, na yule mzee mwenyewe. Mimi nilikuwa nimejiinamia, nimeuma midomo nisicheke mpaka mabega yananitikisika, na yule mzee nadhani aliona ni machozi, maana tulipoitikia amina aliniwekea mkono begani.

"Twende, mpenzi," akaniambia kwa upole. "Nitakusindikiza."

Na alinisindikiza. Kilomita kumi na mbili zote, taratibu, baiskeli yake ikilia kwi kwi kwi nyuma yangu, akinisimulia upasuaji wa magoti yake, la kushoto kwanza, halafu la kulia. Kila nilipogeuka kutafuta pori alikuwapo, ananitabasamia. Sijawahi kulindwa hivyo maishani mwangu.

Nilipofika bondeni lile tao la kujazwa hewa la mwisho wa mbio walikuwa wameshalitoa pumzi. Vijana wanne walilinyanyua kwa mikono ili nipite, nami nikapita nimeinama. Medali ilikuwa ndani ya mfuko mezani, ujichukulie mwenyewe, kwa sababu ya korona. Nilijivisha. Jirani alikuwa ameshafika, anapiga vigelegele na filimbi kwa pamoja. Nilikuwa nimetumia saa sita na dakika arobaini.

Jumapili sikuweza kutoka kitandani ila kwa kuviringika. Jumatatu nilikwenda kazini, nikashuka ngazi za basi kinyumenyume nimeshika chuma kwa mikono miwili. Mzee alikuwa ananingoja, penseli imechongwa.

Nikafunga mlango. Nilikuwa nimeamua.

"Mzee, nina jambo. Kabla ya Februari hii sikuwahi kukimbia hata siku moja. Zile za mwaka jana zote nilitunga."

"Najua," akasema.

"Unajua?"

Akaonyesha dirisha lake kwa penseli. Ng'ambo ya barabara palikuwa na kituo changu cha basi. "Mwaka mzima nimekuona unalikimbilia basi la kurudi nyumbani. Nimefundisha michezo miaka thelathini na minane, binti. Mtu anayekimbia namna ile hajafika Melbourne."

"Sasa uliandika ya nini?"

"Mwenzako wa zamu ya jioni alikuwa ananisimulia hali ya hewa," akasema. "Wewe ulikuwa na mbwa." Midomo ikaanza kumcheza. "Lakini nikaona si vibaya nikikulipizia kisasi kidogo. Mteremko unaumiza sana mapaja, au siyo?"

Nilimwita jina ambalo kwetu Mombasa mtu mzima haitwi. Hakulielewa, akashukuru. Kisha akafungua ukurasa mpya, akataka ukweli wote, kilomita kwa kilomita. Nilipofika kwenye gari na ile sala alicheka hadi akakohoa, nikampa maji, akasema nirudie tangu kioo kilipogongwa. Nikarudia. Akaniamuru nimsukume hadi chumba cha kulia nikawasimulie wengine, na huko nikarudia tena mara mbili, maana nusu yao hawasikii vizuri.

Asubuhi hiyo nilichelewa kuwahudumia wazee wanne. Meneja aliponiuliza nilikuwa wapi, nilimwambia nimekwama kwenye lifti. Alikwenda zake akinung'unika kwamba lazima amwite fundi, na alikuwa ameshafika mwisho wa ukumbi alipokumbuka kwamba nyumba yetu haina ghorofa.