Uraibu wa Mzee Chande

Zamani mgeni akibisha hodi Msambweni aliletewa uraibu kabla hajaulizwa jina. Siku hizi mgeni ndiye anayekuja kuuliza kama uraibu upo, na akiambiwa upo, huuandika kuwa ni ugonjwa.

Mzee Chande ni wa zamani. Miaka arobaini alikata mawe ya kujengea timboni, akajifundisha kusoma kwa vipande vya magazeti vilivyofungiwa sukari, na hata baada ya mkewe kufariki sahani yake ya shaba haikukosa tambuu, popoo, chokaa na tumbaku. Kwake vitu hivyo vinne, vitafunwavyo pamoja hadi mate yawe mekundu, vina jina moja, uraibu, na nyumba isiyo na uraibu ni banda tu.

Basi asubuhi moja walimjia watafiti wawili kutoka chuo kimoja cha bara, Rispah na Hesbon. Walikuwa wakipita nyumba zenye vijana wakiuliza habari za michezo ya video, maana madaktari wa dunia, walisema, wamekwisha kukubaliana kwamba mtu anaweza kuugua kwayo kama anavyougua maradhi mengine ya akili. Mzee hakuyashika vizuri hayo. Alichokishika ni shikamoo ya Rispah, iliyotoka nzima, ikampendeza. Binti akatoa karatasi zake.

"Mzee wangu, katika nyumba hii uraibu upo?"

"Upo," alijibu Chande, tena kwa fahari. "Tangu enzi za babu yangu. Hapa hautoki."

Rispah akaandika. Akauliza kama Nassir, mwanawe wa pekee, naye anao. Mzee akasema huchukua kidogo kidogo kwa baba yake. Je, jamaa wamewahi kujaribu kuuzuia? Nani azuie, alisema mzee, kila mgeni hupewa, hata nyinyi mtapewa sasa hivi. Akanyanyuka kwenda ndani. Aliporudi na sahani, akaanza kupaka chokaa kwenye jani la tambuu, Rispah aliitazama sahani, akaitazama karatasi, akacheka hata kalamu ikamdondoka.

Mzee hakucheka. Aliiomba karatasi, akavaa miwani, akasoma mwenyewe. Uraibu, vizazi vinne. Mzazi huchangia. Na juu kabisa, kwa herufi nene: afya ya akili.

"Mmelichukua neno la kumkaribishia mtu," alisema, "mkalifanya jina la wazimu. Huko kwenu hamkuwa na neno lenu?"

Rispah akaomba radhi. Akaeleza kwamba haulizi tambuu. Anauliza habari za kijana asiyeweza kujizuia, anayeacha kila shughuli kwa ajili ya mchezo, na hata akiumia anaendelea, mwaka mzima.

Hayo mzee aliyajua. Yeye mwenyewe aliwahi kuacha mpunga uliwe na ndege msimu mzima kwa ajili ya bao, na hakuna aliyemjia na karatasi. Bao lilikuwa na jirani wa kuchoka, na mke wa kuja kuzimwaga kete mchangani. Mchezo wa Nassir hauchoki wala hauna jirani. Mashine zimechukua kazi ya timboni. Uwanja wa mpira umezungushiwa ukuta, mwenyewe hajulikani. Mbona karatasi, alimuuliza Rispah, haina mahali pa kuandika ukuta? Posa ya Nassir iko kwa akina Fauzia, jibu bado. Leo aandikwe kichaa, nani atamwoza binti yake? Mwanawe si mgonjwa, na karatasi hiyo haitapata sahihi ya Chande.

Nassir alikuwa amesimama mlangoni, miaka ishirini na sita, simu mkononi, macho mekundu.

"Baba," alisema, "nimejaribu kuacha mara tatu. Siwezi."

Mzee akalikunja lile jani la tambuu, akalitia kinywani. Kisha akairudisha karatasi kwa Rispah.

"Futa uraibu. Andika, hawezi kuacha. Hilo kalisema mwenyewe."

Hesbon akasema kwa upole kwamba ofisi hulitaka neno lililo kwenye fomu.

"Basi ofisi na ije, nayo nitaipa tambuu."

Rispah akalikata lile neno, mstari mmoja, akaandika aliloambiwa. Nassir akatia sahihi yake mwenyewe, akakubali kufuatana nao siku ile ile hadi kwa muuguzi anayewasikiliza vijana wa namna yake. Mzee hakutia sahihi, na mpaka leo ukimuuliza atakwambia hakukubali.

Hata hivyo alimfungia Rispah uraibu mmoja wa njiani. Mara ya mwisho alipowaona watafiti wale walikuwa wakishuka kuelekea barabarani, Nassir kati yao, simu yake bado mkononi. Penye ule ukuta wa uwanja Rispah akasimama, akainama kidogo, akautemea mate mekundu.