Jogoo niliyempeleka Mlowo akaishi

Leo nimekula jogoo wangu mwenyewe, na sikupanga.

Hapa Mpemba nalea vifaranga kumi na tisa. Nimewatengenezea bruda ya maboksi, katikati chungu cha mkaa wapate joto. Baba yao ndiye huyo jogoo. Kila nikiwatoa waote jua anawadonoa. Juzi kaua wawili.

Kumchinja sikutaka, nimemlea toka mdogo.

Mama mkubwa wa Mlowo ana mitetea, jogoo hana. Nikasema basi, akaishi kule.

Asubuhi nimefika naye kwenye kikapu. Mnanijua, mimi kuongea ni shida. Nikasema tu, "Shikamoo mama mkubwa, nimekuletea jogoo."

"Marahaba mwanangu! Wenzio wanakujaga mikono mitupu."

Akampokea, akazunguka naye nyuma ya nyumba. Mimi nimekaa na baba mkubwa, ananiuliza habari za mvua. Mkubwa humkatishi. Nikawa nangoja amalize ndiyo niseme huyu ni wa kufuga.

Nikasikia jogoo kalia mara moja. Kimya.

Baba mkubwa anacheka, "Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Ugali umekuja, firigisi wameniwekea mimi, ndiyo heshima ya mgeni. Mama mkubwa kasimama ananiangalia.

"Kula baba, umekonda."

Nikala.

Sasa nimerudi. Nimewabadilishia vifaranga maji, nimeongeza mkaa. Kuwaangalia usoni ndiyo nimeshindwa.

Nyie mngesemaje pale?