Picha za Mama kwenye Akaunti ya Mtu

Simu niliinunua Soko la Toi, kando ya viatu vya mitumba. Muuzaji alinipa onyo moja tu: "Hiyo akaunti iko ndani usiguse, siste. Ukiitoa, simu inajifunga, inabaki tofali." Nikakubali. Pale mtaani kwetu Kianda wengi tulikuwa hivyo, tukitembea na simu zenye akaunti za watu tusiowajua.

Kila picha niliyopiga ilipanda yenyewe kwenye akaunti ile, na picha za mwenye akaunti zikashuka kwangu: keki ya mtoto, pazia jipya, mguu uliofungwa bendeji. Nilizizoea kama redio ya jirani nyuma ya mabati. Haikunijia kamwe kwamba na yeye anatusikia.

Mama alipougua nilimpiga picha nyingi. Simu ilipojaa, niliiruhusu ifute zilizokwisha kupanda. Si ziko huko juu? Mama akafariki, tukamzika nyumbani Siaya.

Tukiandaa kumbukumbu yake ya mwaka, nilifungua simu nikakuta picha zake zimebaki mbili. Kesho yake, moja. Hiyo nilimtumia dada yangu upesi, kisha nikaenda kwa jamaa wa saiba, kile kibanda cha intaneti kule Sarang'ombe.

"Simu ni yako," akaniambia, "lakini akaunti si yako. Huyo mtu anafuta tu vitu vyake."

Vitu vyake! Nilimkasirikia jamaa huyo, ingawa hakuwa amenikosea. Mama yangu alikuwa mali ya mtu, na mtu mwenyewe alikuwa anafagia.

Kwa kuwa sikuwa na njia nyingine ya kumfikia mwenye akaunti, niliandika kwa kalamu nyuma ya kalenda: "Huyu mama alikufa. Tafadhali usimfute. Hatuna picha nyingine." Nikaipiga picha. Ikapanda.

Jibu lilishuka jioni, picha ya karatasi juu ya kitambaa cha meza: "Hiyo simu nilinyang'anywa Kawangware. Nilidhani huyu ni mama ya mwizi. Kila nikimwona anacheka, nafuta. Pole sana."

Kisha mama akaanza kurudi, mmoja mmoja, kutoka kwenye pipa la akaunti, zinakokaa kwa muda picha zilizofutwa: mama na uji, mama na kitambaa cha kanisa, mama akicheka. Zilizokuwa zimekaa sana pipani hazikurudi. Zilizorudi nilizihamisha zote, nikalia, kisha nikaandika karatasi ya pili, kumwuliza nimpelekee wapi simu yake.