Asiyeimba Azunguke Tena

Hasira hii nimekaa nayo muda mrefu, na mara nyingine najiuliza kama nina haki nayo. Nimesoma mpaka darasa la saba tu, mambo ya mwili wa binadamu sikuyasomea. Huenda mwalimu alijua kitu nisichokijua. Lakini miguu ilikuwa yangu, na yaliyoipata nayajua mimi.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Kwetu ni Mpapura, baba na mama walikuwa wakulima wa korosho na muhogo, na mimi nilikuwa nakimbia. Nilishinda mbio ndefu za wasichana za tarafa, nikashinda za wilaya, nikachukuliwa kambini Mtwara mjini tujiandae kwenda Dar es Salaam kuuwakilisha mkoa. Hata Lindi nilikuwa sijafika. Kaka yangu aliniambia nikishamaliza mbio huko nisisimame, niunganishe tu mpaka nyumbani, maana nauli ya kurudi hawatanipa. Tulicheka. Lakini ile safari niliitaka kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka, harusi ikiwamo.

Kambi ilikuwa kwenye shule iliyofungwa kwa likizo. Wasichana tulilala darasani, kwenye mikeka. Mwalimu wetu wa michezo alikuwa mtu wa bara, mkoa wa mbali, na nataka kumtendea haki: aliamka kabla yetu, alikimbia na sisi, alikula tulichokula. Sukari ilikuwa ya kupanga foleni, na ya kwake aliitia kwenye uji wetu. Mtu mbaya hafanyi hivyo. Kwa hiyo sisemi alikuwa mbaya.

Alfajiri tulianza na mchakamchaka. Kwetu hakuna kukimbia kimya: mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia, miguu inafuata. Mwanzishaji nilikuwa mimi. Wimbo ukichosha nilichomeka maneno yangu, hasa juu ya mpishi wetu na mbaazi zake zenye mawe, na mwalimu mwenyewe alicheka mpaka akapotea hatua. Tulikwenda hadi Chikongola na kurudi, na wenye maduka waliokuwa wanafungua milango walitupigia makofi.

Baada ya uji tulilima shamba la muhogo la shule mpaka jua la utosini, maana ilikuwa lazima kujitegemea hata kambini. Jioni ndiyo mbio zenyewe, uwanjani. Ijumaa sisi Waislamu tuliruhusiwa kwenda kusali, tukirudi tunalipa kwa mizunguko ya ziada. Jumapili mwalimu alikwenda kanisani na kutuachia jembe. Mwenzetu mmoja aliuliza tutapumzika lini. Mwalimu akamjibu kwa upole kabisa, "Jembe si la mikono? Basi miguu inapumzika."

Na sisi tuliamini. Hapo ndipo nashindwa kumlaumu peke yake. Hata nyumbani, kupumzika kulikuwa kubadilisha kazi.

Kwanza usingizi ulinikimbia. Nilijilaza nimechoka, moyo unadunda kama niko bado uwanjani. Kisha chakula kikawa kama karatasi mdomoni. Nikagombana na mwenzangu kwa sababu ya ndoo, mimi ambaye sikuwa mgomvi. Siku zangu za mwezi hazikuja, na sikumwambia mtu. Halafu asubuhi moja, karibu na soko, wimbo ulinikatikia katikati. Nikampa mwingine aanzishe, nikabaki kuitikia. Baada ya hapo hata kuitikia kukanishinda, nikawa nachezesha midomo tu.

Mwalimu alikuwa na amri yake: asiyeimba azunguke tena. Kwake kimya kilikuwa uvivu. Kwa hiyo kila asubuhi niliyekuwa nimeishiwa nguvu kuliko wote ndiye niliyekimbia kuliko wote.

Nilimwendea tukiwa mstarini. Nilimwomba siku mbili za kulala, nikamwambia sauti haitoki.

"Kwani sauti ndiyo inayokimbia?"

Wenzangu wakacheka, na si vibaya, lilikuwa jibu la kuchekesha. Kisha akasema wote wasikie, "Hapa hatubebi kupe."

Neno hilo miaka ile halikuwa mchezo. Kupe ni anayenyonya jasho la wenzake, lilikuwa kwenye hotuba na kwenye redio. Mimi kupe, ninayelima muhogo wa shule na kulipa mizunguko ya sala! Nikakimbia zaidi ili nisiwe kupe. Jioni ile nilipitwa na msichana niliyezoea kumwacha mbali.

Siku moja mama akaja mjini kuniletea kisamvu. Gari lilimshusha mapema, akakaa kando ya barabara, akatuona tunapita. Nilipomkuta pale shuleni alikuwa amefumbata kile kifurushi kifuani.

"Nilikuwa nangoja sauti yako," alisema. "Mmepita wote sijaisikia. Nikajua wamekurudisha."

Nilikuwa nimepita mbele yake, karibu kiasi cha kumgusa.

Aliniuliza kama nalala, kama nakula, na lile la mwezi. Nilijibu yote. Mwalimu alipofika akamwamkia shikamoo, mama akaitikia, akasema, "Huyu namchukua. Akianza kuimba nitamleta."

Mwalimu akaeleza, bila ukali, kwamba safari imekaribia na nikiondoka nafasi atapewa mwingine. Mama akanitazama mimi. Nilimchukia kwa kuniachia niamue mwenyewe, na sijui kama ningeweza kulitamka kwa mdomo neno la kuondoka. Niliingia darasani nikakunja mkeka wangu.

Nyumbani nililala. Niliamka kula, nikalala tena. Balozi wa nyumba kumi akaja kuuliza mbona sionekani shamba la kijiji. Mama akasema naumwa. Naumwa nini? Hapakuwa na kidonda cha kumwonyesha. Ningevunjika mguu wangeniletea kuku.

Lori la wanamichezo liliondoka bila mimi. Aliyepewa nafasi yangu, nilisikia, alikaa chini katikati ya mbio kabla ya kumaliza. Pengine ningekuwa mimi. Pengine pia ningeshinda. Silijui hilo, na sitalijua.

Muda ukapita. Tulikuwa uani tunapepeta mbaazi, mama akasimamisha ungo wake ghafla. Nikamuuliza kuna nini.

"Unaimba," akasema.

Sikuwa nimejisikia. Nilikuwa kwenye ule wa mpishi na mawe yake. Sikufurahi hata kidogo. Niliweka ungo chini, nikatoka nikakimbia mpaka njia panda na kurudi, naanzisha mwenyewe na kujiitikia mwenyewe, na watoto wa jirani wananicheka. Miguu ilikuwa myepesi. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo: ilikuwa myepesi kama siku niliyochaguliwa, na hakuna dawa iliyotumika isipokuwa kuachwa nilale.