Munkoyo wa Robo Fainali

Timu ya taifa ikifika mechi za mtoano, mimi nakaa mbele kabisa, na anayetaka nisogee atafute kiti kingine. Juzi nilirudi Likasi, nikapita mtaa wetu wa zamani kule Kikula, nikakuta vijana wanaangalia mechi, kila mmoja na simu yake, kichwa chini. Ua tulimokuwa tukikusanyika umejengwa nyumba mbili. Nilisimama pale hasira ikanirudia upya. Ngoja nikueleze, rafiki yangu, maana hasira hiyo naipenda.

Televisheni ya mtaa ilikuwa moja, ya mzee jirani aliyestaafu kiwandani. Mechi za alasiri aliitoa uani, akaiweka juu ya meza, nasi tukaja na viti, mbao na ndoo za kukalia. Moshi wa makala, yaani mkaa, harufu ya samaki wa chumvi, kelele za watoto. Nilikuwa na miaka tisa, naishi na bibi yangu mzaa mama; nkambo, tunavyosema huku. Kazi yangu ilikuwa kumenya karanga na kumsaidia kukoroga munkoyo, kinywaji cha mahindi kinachochachuka kwa mizizi. Kila mechi aliwapelekea watazamaji ndoo nzima.

Mwaka ule, mechi ya kwanza ya makundi tulishinda nikiwa Mulungwishi kwa shangazi. Niliporudi, ya pili tukafungwa. Ikaja ya mwisho ya makundi. Nikatumwa maji, tukafunga bao. Nikarudi na ndoo kichwani, wakasawazisha. Mama wa nyumba ya kona akacheka: "Weye mutoto, uko na mukosi. Rudia kwenye mayi." Nikarudi bombani. Tukashinda. Tangu hapo hakuna aliyecheka tena.

Wiki ile wenzangu waliacha kucheza nami. Mkosi ukageuka neno jingine, linalosemwa kwa sauti ndogo: mulozi, yaani mchawi. Kama hukukulia kwetu, ujue hivi: mtoto akishapewa jina hilo, homa ya jirani ni yake, msiba wa jirani ni wake, na siku moja mlango unafungwa yeye akiwa nje. Wanasema uchawi hupitia mkononi, kwenye chakula. Basi karanga nilizomenya mimi zilirudi nyumbani hazijaguswa.

Siku moja kabla ya robo fainali, wanaume wawili walikuja kumwomba nkambo, kwa heshima tu, anifungie ndani wakati wa mechi. Yeye aliendelea kukoroga.

"Leo munamufukuza juu ya mupira," akasema. "Kesho mutoto wa muntu akigonjwa, mutamufukuza juu ya ile. Hapana. Miye na yeye tutakaa mbele."

Tukakaa mbele. Macho yao niliyasikia mgongoni. Nilijua tukifungwa nimekwisha, nikasali sala zote za katekista na nyingine nilizotunga mwenyewe. Dakika za mwisho wakatufunga kwa kichwa, na filimbi ikalia.

Nyuma yangu nikasikia lile neno. Nkambo akainuka, akachota munkoyo, akanipa kikombe nikishike, kisha akakipokea tena kutoka mkononi mwangu na kunywa mpaka chini. Akachota kingine, akanituma kwa kila mtu, yeye nyuma yangu, mikono kiunoni. Mzee mwenye televisheni alipokea kwa mikono miwili. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, bila kuniangalia usoni. Nilipofika kwa mama wa nyumba ya kona, nikamnyoshea kikombe. Hakupokea.

"Kunywa, mama," nkambo akasema. "Ao sema wazi, mbele ya bantu bote, unaogopa nini."

Mama yule akatazama huku na huku. Waliokwisha kunywa walikuwa wengi. Akanywa, akanirudishia kikombe, na kesho yake watoto wake walikuja kuniita tukaruke kamba.

Siku hizi munkoyo unauzwa kwenye chupa za plastiki, mtamu wa sukari tu. Mzee wa televisheni hayupo, na nkambo nilimzika mwenyewe. Watu wanasema tumeendelea. Mimi wasinidanganye, lile neno bado nalisikia, na kila nikilisikia nagombana, hata kanisani. Maana mwaka uleule, mtaa wa pili, msichana wa darasa langu aliitwa hivyohivyo, kwa sababu mdogo wake aliugua. Nilikuwa nikimkuta sokoni asubuhi, amelala chini ya meza za wauza sombe, majani ya muhogo. Alikuwa na baba, alikuwa na shangazi watatu. Kwao hakupatikana hata mmoja wa kunywa wa kwanza.