Nyuki wa Ubeti wa Pili

Enzi zetu pale Itigi, mtoto aliyetaka gitaa hakwenda dukani. Alisubiri jioni baba ale ashibe, ndipo asimame mlangoni akijikuna kichwa mpaka aulizwe ana shida gani. Mimi nilijikuna wiki nzima. Baba yangu alikuwa fundi wa njia ya reli, mtu wa nyundo na maneno machache, na Jumapili moja aliketi uani akanitengenezea gitaa: shingo ya ubao wa mninga, nyuzi nne za waya wa breki za baiskeli, na tumbo lake galoni la bati ambalo mama alikuwa akiwekea asali.

Hapo kwenye galoni ndipo balaa langu lilipoanzia. Mama alilisugua kwa maji ya moto na mchanga, lakini asali ya Itigi haiondoki kirahisi. Ilibaki kwenye maungio ya bati, ikinyamaza kama haipo. Kiangazi, maua ya porini yakishakauka, nikikaa uani kwenye jua na kuanza kupiga, bati linapata moto na harufu inatoka. Ubeti wa kwanza nauimba kwa raha. Kiitikio nacho kinapita. Nikikaribia ubeti wa pili, nyuki wa kwanza huyu hapa, halafu wenzake, na mimi mbio kuelekea jikoni kwenye moshi, gitaa limeachwa chini likizungukwa na wasikilizaji wake. Wakishaondoka narudi, naanza tena mwanzo.

Ndiyo maana nilijua mianzo ya nyimbo tisa na sikujua mwisho hata wa mmoja. Mama, akiwa anachambua mtama, alikuwa akisema, "Wewe ungekuwa unachota maji kwa mtindo huo, nyumba hii ingekufa kwa kiu." Nilimwona hajui muziki.

Na mambo mengine niliyoyafanya nikidhani ndiyo ufundi! Nyuzi nilizibana kwa nguvu zote kana kwamba zingetoroka, vidole vikachubuka. Nikavipaka nta ili visiume, nta ikahamia kwenye nyuzi, gitaa likawa linalia kama mtu aliyefunikwa blanketi. Mkono ukichoka, niliongeza mwendo ili nimalize haraka, na nikikosea niliongeza sauti ya kuimba ili kosa lisisikike. Majirani walilisikia.

Lakini kubwa kuliko yote ilikuwa namna ya kulitafutia gitaa sauti. Nani alikuwa na kinanda? Sisi tulikuwa na treni. Kichwa cha treni kikipiga honi kuingia stesheni, nakaza uzi mnene mpaka ulingane na honi ile, kisha zile nyingine nazifuatisha. Nilijiona mtaalamu. Sikujua kwamba kila kichwa kina honi yake, hiki nene, kile nyembamba kama ya mbuzi, kwa hiyo kila treni iliyopita ilinihamisha sauti. Leo naimba kama mzee, keshokutwa naimba nimesimama kwa vidole vya miguu. Nilidhani ndiyo kubalehe.

Basi baba akapata uhamisho, kupelekwa mbali upande wa magharibi, na sisi tungebaki Itigi mpaka shule zifungwe. Usiku huo nilivuta blanketi usoni nikalia kimya kimya. Asubuhi aliniambia, "Siku ninayoondoka unipigie wimbo mmoja, mpaka mwisho. Mmoja tu." Baba hakuwahi kuniomba kitu. Wimbo wenyewe ulikuwa ule wa kwaya yetu wa kuwaaga wasafiri, beti tatu. Nilikuwa na wiki mbili, ilikuwa kiangazi, na nyuki hawakumhurumia mtu.

Siku ilipofika, stesheni ilijaa watu, magunia na kuku. Nikapiga. Ubeti wa kwanza ulitoka vizuri mpaka mama akaacha kupanga mizigo. Kiitikio, watu wakadaka. Ubeti wa pili, mikono ikasimama. Nyuki hata mmoja hakuwepo, lakini mikono ilishazoea kukimbia pale pale. Nikaanza tena mwanzo. Watu wakaitikia tena, kwa adabu. Mara ya nne hakuitikia mtu, na mama mmoja muuza karanga akauliza, "Huu wimbo una mkia kweli?" Treni ikapiga honi, na ilikuwa honi nene wakati gitaa langu lilikuwa la honi nyembamba, stesheni nzima ikaangua kicheko. Baba akapanda. Akatoa kichwa dirishani akiwa anacheka, machozi yanamtoka, sijui ya kipi, akapaza sauti: "Mwisho wake utaniletea!"

Miaka imekwenda. Nilinunua gitaa la duka nikiwa mtu mzima, nikajifunza taratibu, mkono umelegea, na wimbo ule niliufanyia mazoezi kutoka ubeti wa tatu nikirudi nyuma. Binti yangu Neema naye anapiga. Yeye simu humwonyesha taa ya kijani uzi ukikaa sawa. Hajui raha ya kusubiri treni. Anajifunza nusu dakika ya wimbo, anajirekodi, anaituma kwa wenzake, anahamia mwingine. Nikimuuliza mwisho uko wapi, ananiambia, "Baba, siku hizi hakuna anayesikiliza mpaka mwisho." Sisi angalau tulikuwa na nyuki wa kusingizia.

Kiangazi kilichopita nilimpeleka Kintinku, baba alikostaafia. Nyundo na reli zimemla masikio. Shikamoo unampa kwa kupaza sauti na bado anakisia. Nikaketi karibu yake, akaweka kiganja chake kwenye ubao wa gitaa ili ausikie wimbo kwa mkono. Nilipiga beti zote tatu, bila kukimbia, mpaka mwisho. Neema alikuwa ameshika simu kurekodi. Katikati aliishusha, akasahau kuizima.

Gitaa likanyamaza. Baba hakuondoa mkono. Alingoja, akangoja, kisha akanitazama kwa macho yale yale ya stesheni.

"Umeishia tena pale pale pa nyuki, mwanangu?"

Nilifungua mdomo nimwambie wimbo umekwisha. Kisha nikaona hakuna haja. Nikaanza tena mwanzo.